Zamani teno ndiye alishika wimbo: kwaya ya sauti nne ilivyozaliwa Ulaya miaka ya 1400 na 1500 (uzi mrefu)

TenoWaKati

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kitambo nikawa naahirisha, leo nimepata nafasi naushusha. Ni mrefu, kama umebanwa weka alama urudi baadae.

Mimi naimba teno (sauti ya juu ya wanaume), mwaka wa kumi na nne sasa. Aliyewahi kuimba teno anajua kazi yetu ilivyo, wimbo wanao sauti ya kwanza, sisi tunajaza katikati, mara tumeganda kwenye soh mistari miwili mizima wenzetu wanapanda na kushuka. Sasa siku moja mazoezini mwalimu akatuambia jina teno limetoka kwenye neno la Kilatini tenere, yaani kushika, kwa sababu zamani teno ndiye alikua anaushika wimbo wenyewe na wengine wanapamba juu yake. Nikamuuliza, sasa mwalimu ulitutoka lini? Akasema hilo hajui. Lile swali halikuniacha, nimelifuatilia miaka na kadri nilivyosoma na kusikiliza ndivyo nilivyoupenda huu muziki, na nilichogundua ni kwamba ukifuata tu huo wimbo ulikua unakaa kwa nani, kizazi baada ya kizazi, unapata historia nzima ya uimbaji wa kipindi kinachoitwa Renesansi. Twende.

Kabla ya miaka ya 1400 mambo yalikua hivi. Kanisa lilikua na nyimbo zake za Kigregoriani, sauti moja, hakuna pambo. Walipoanza kuongeza sauti nyingine (pale Notre Dame ya Paris kuelekea mwaka 1200 walikua wameshafika mbali sana kwa hilo) ule wimbo wa kanisa ukapewa teno auvute kwa nota ndefuuu, silabi moja unaikalia mpaka unaishiwa pumzi, huku sauti za juu zinakimbiakimbia. Kwahiyo teno ndio nguzo. Ukiitoa nyumba inaanguka.

Na kumbuka masikio yao yalikua tofauti na yetu. Kwao nota mbili zilizopatana vizuri ni d na s za solfa (do na so), au d na d ya juu. Ile d na m ambayo sisi leo mtoto wa Sunday school anaipata bila kufundishwa, wao walikua hawaihesabu kuwa pahali pa kupumzika. Waliobadilisha hilo ni Waingereza, na jina linalotajwa ni John Dunstaple aliyefariki 1453. Muziki wake umejaa hizo d na m, m na d ya juu, unasikika mtamu na wa duara. Mshairi mmoja wa Kifaransa, Martin le Franc, miaka ya mwanzoni ya 1440 aliandika kwamba watunzi wa bara wameiga huo mtindo wa Kiingereza, na aliowataja ni Binchois na Guillaume Dufay.

Huyo Dufay shikeni jina lake. Tarehe 25 Machi 1436 Papa Eugenius IV aliweka wakfu kanisa kuu la Florence, lile lenye kuba la Brunelleschi, na kuba lenyewe lilikua linamaliziwa mwaka huohuo. Moteti (wimbo wa kanisa wa sauti nyingi, kwa Kilatini) ya siku ile aliitunga Dufay, inaitwa Nuper rosarum flores. Ina sauti nne, na mbili kati ya hizo ni teno! Zote mbili zinaimba wimbo uleule wa kanisa, ule wa kutabaruku unaosema mahali hapa panatisha (ni maneno ya Yakobo kwenye Mwanzo), ila haziingii pamoja na haziko kwenye kimo kimoja, moja iko chini ya mwenzake. Mimi nikiisikiliza nawaona kabisa wale jamaa wawili wamesimama chini ya lile kuba wameshikilia muziki wote mabegani.

Ngoja nipate chai, naendelea.

MwanaKigango

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Swali dogo, hiyo alto na besi zilitoka wapi kama mwanzo ni teno na wapambaji tu?

TenoWaKati

Mkuu umeniwahi, ndiko nilikua naelekea.

Kulikua na sauti inaitwa contratenor, yaani ya kushindana na teno, ikikaa usawa uleule wa teno, zinapishana, mara huyu juu mara yule. Kufika katikati ya miaka ya 1400 watunzi wakaigawa. Ya kupita juu ya teno wakaiita contratenor altus, ya kupita chini yake contratenor bassus. Watu wakachoka na majina marefu yakabaki altus na bassus, na sauti ya juu kabisa ilikua superius. Hapo ndipo utaelewa kitu ambacho kilinisumbua miaka, kwanini alto kwa Kilatini ni "ya juu" wakati kwenye kwaya zetu alto ni kina mama wenye sauti ya chini. Ni ya juu ukilinganisha na teno! Majina yote tunayotumia leo yalipimwa kutokea kwa teno.

Na besi ilipopata chumba chake ikawa mara ya kwanza teno kuna mtu chini yake. Hili sio dogo. Ukiwa chini kabisa wewe ndiye unaamua sauti zote zitulie wapi mwisho wa mstari, sasa hiyo kazi akaichukua besi. Kwahiyo hapo teno bado anao wimbo ila nyumba haimsimamii peke yake.

Kitu kingine cha kipindi hiki, watunzi wakaanza kuzifunga sehemu za misa ziwe kazi moja. Bwana utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu, Mwanakondoo, zote tano zinajengwa juu ya wimbo mmoja uliowekwa kwenye teno. Na wimbo wenyewe sio lazima uwe wa kanisa! Dufay alichukua wimbo wake mwenyewe wa mapenzi, Se la face ay pale, akauweka teno akaujengea misa nzima. Kuna mwingine wa mtaani unaitwa L'homme armé, mtu mwenye silaha, huo umetungiwa misa zaidi ya 40 na watunzi tofauti. Yaani padri yuko altareni, teno anaimba melodia ya vita, na waumini wanaijua.

MzeeWaSolfa

Kijana nakusoma kwa makini. Usisahau kutuambia habari ya solfa maana hapa wengi tumefundishwa muziki kwa solfa na tunadhani ililetwa na wamisionari tu.

TenoWaKati

Shikamoo mzee wangu. Wamisionari walileta hii ya herufi, d r m f s l t, ambayo ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1800 na mama mmoja Sarah Glover kisha John Curwen akaieneza. Lakini mzizi ni wa mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, miaka ya 1000. Alichukua wimbo wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande kinaanza nota moja juu ya kilichotangulia, akatumia silabi za mwanzo, ut re mi fa sol la. Ut ndiyo baadae ikawa do, na ti haikuwepo. Waimbaji wa Renesansi wote walifundishwa hivyo toka wakiwa watoto wa kwaya.

Na mzee, hapa ndipo nataka niwaoneshe kitu ambacho kila ajuaye solfa anaweza kukiimba sasa hivi alipo.

Mtunzi anaitwa Josquin des Prez, alifariki 1521. Kwangu mimi huyu ndiye mkubwa wao wote. Aliimba kwenye kwaya ya Papa pale kanisa la Sistina, na kwenye ukuta wa roshani ya waimbaji kuna jina lake limechongwa, lipo mpaka leo. Mwaka 1502 Ercole, mtawala wa Ferrara huko Italia, alikua anatafuta mtunzi. Mtu wake mmoja akamwandikia barua kwamba bora amchukue Heinrich Isaac, anaelewana na watu, anatunga mara kwa mara na anataka dukati 120 (sarafu za dhahabu), ila Josquin ingawa anatunga vizuri zaidi anatunga pale anapotaka yeye na sio pale anapoombwa, na anataka 200. Mtawala akamchukua Josquin.

Sasa Josquin akamtungia Ercole misa. Akachukua jina lake na cheo kwa Kilatini, HERCULES DUX FERRARIE, akatoa konsonanti zote akabaki na vokali: e u e u e a i e. Kila vokali akaigeuza silabi ya solfa yenye vokali hiyohiyo. E ni re, u ni ut, a ni fa, i ni mi. Inakuja hivi:

r d r d r f m r

Imba hiyo polepole. Ndio wimbo wa teno, na karibu misa nzima teno hana kazi nyingine zaidi ya hiyo, nota nane, anaziimba, anazirudia juu zaidi, anazirudia juu tena. Ercole amekaa kanisani anasikia jina lake linashikilia misa. Ilichapishwa Venice mwaka 1505.

Unaona teno bado anashika. Lakini huyuhuyu Josquin ndiye pia aliyeutoa wimbo kwa teno, na hakuupeleka kwa soprano. Aliwapa WOTE.

Tafuta moteti yake Ave Maria, virgo serena, ya sauti nne. Inaanza soprano peke yake, Ave Maria. Akimaliza kipande alto anakiimba kilekile. Kisha teno. Kisha besi. Hakuna mwenye wimbo na hakuna mpambaji, kila mmoja anapokea neno kutoka kwa mwenzake analisema kwa zamu yake, halafu kipande kinachofuata wanaanza upya hivyohivyo. Katikati kuna mahali (Ave vera virginitas) zote nne zinaenda pamoja kama wimbo wa kitabuni, ila ukisikiliza vizuri teno anafuata soprano kwa melodia ileile ila kimo cha chini, nyuma yake kwa pigo moja tu, kama mtu na kivuli chake. Na mwisho sasa. Kimya. Kabisa. Halafu wote wanne pamoja, nota ndefu, hakuna anayekimbia: O Mater Dei, memento mei. Ee Mama wa Mungu, unikumbuke mimi. Sio "utukumbuke" jamani, ni mimi. Mtunzi baada ya kucheza na akili zote zile anasimama mwisho anaomba kwa ajili yake mwenyewe. Mimi ni Mlutheri, sina mazoea ya sala za Bikira Maria, lakini hapo machozi hunitoka kila mara na sijawahi kuyazuia.

dada_alto

Nimeisikiliza sasa hivi, nimeirudia mara tatu. Ile kimya kabla ya mwisho aisee. Ila kaka naomba niulize, kwenye hizi hadithi zote ni wanaume tu, sisi tulikua wapi?

TenoWaKati

Swali la haki kabisa dada yangu. Kwenye makanisa makubwa wanawake hawakuruhusiwa kuimba kwaya. Superius waliimba watoto wa kiume au wanaume wazima wanaobana sauti. Masista ndani ya konventi zao waliimba wenyewe. Lakini nje ya kanisa mlikuwepo sana. Mwaka 1568 Maddalena Casulana alichapisha Venice kitabu cha madrigali zake, ni mwanamke wa kwanza tunayemjua kuchapisha kitabu kizima cha muziki kwa jina lake. Kwenye utangulizi aliandika kumwambia Isabella de' Medici kwamba anataka kuionesha dunia kosa la wanaume wanaojidhani wao peke yao ndio wenye vipaji vya akili. Mwaka 1568! Na pale Ferrara kuanzia 1580 kulikua na kundi la akina dada walioajiriwa na mtawala kwa kuimba, wanaimba mambo magumu mpaka watawala wengine wakaanza kuunda makundi yao ya kuiga.

Madrigali kwa asiyejua ni mashairi ya Kiitaliano, mapenzi mengi, yanaimbwa na watu wanne watano sita, mtu mmoja kila sauti, nyumbani mezani. Humo neno ndio lilikua bosi. Shairi likisema kufa sauti zinashuka na kugongana, likisema kukimbia nota zinakimbia. Ni bahari yenyewe hiyo, mtu akipenda nitaifungulia uzi wake.

MwanaKigango

Mkuu walikua wanaimba kwa nota kama hizi zetu? Maana mimi sauti nne bila kuona wenzangu wanafanya nini napotea.

TenoWaKati

Hahaa mkuu hapo ndipo utawavulia kofia. Kanisani kitabu kilikua kimoja, kikubwa kama mlango wa kabati, kimewekwa juu ya meza ya mshazari na kwaya nzima imekizunguka, watoto mbele. Ukikifungua, ukurasa wa kushoto juu ni superius, chini yake teno. Ukurasa wa kulia juu ni altus, chini bassus. Hakuna mistari ya kukata mapigo na sauti hazijapangwa moja juu ya nyingine kama zetu, kila mmoja anasoma kona yake. Ukipotea huna pa kuchungulia, unaokolewa na masikio tu na mkono wa kiongozi unaopanda na kushuka.

Halafu ikaja uchapishaji. Ottaviano Petrucci, Venice, 1501, alitoa kitabu cha kwanza cha nyimbo za sauti nyingi kilichopigwa chapa kwa herufi za chuma, nyimbo 96. Karatasi ilikua inapita kwenye mashine zaidi ya mara moja, mistari kivyake, nota kivyake, kwahiyo kazi safi sana ila bei kubwa. Mwaka 1528 Pierre Attaingnant wa Paris akaanza kuchapa kwa mpito mmoja, kila kipande cha chuma kina nota na kamstari kake, na muziki ukaanza kufika kwa watu wa kawaida kidogo. Vikauzwa vitabu vya sauti mojamoja, wewe teno unakua na chako, alto na chake.

MzeeWaSolfa

Marahaba kijana. Lakini umemruka Palestrina, yule mtunzi wa Italia. Sisi seminarini tulifundishwa kwamba Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki) ulitaka kufuta muziki wa sauti nyingi kabisa, Palestrina akatunga misa ya Papa Marcellus, wakaisikia, wakaghairi. Ndiye aliyeuokoa.

TenoWaKati

Mzee nakuheshimu sana na hiyo hadithi ni nzuri, nami niliipenda, ila haikua hivyo. Ngoja niieleze taratibu maana ndani yake kuna ukweli mwingi.

Malalamiko yalikuwepo kweli. Sauti nne au sita zikipokezana kama kwa Josquin, huyu yuko "Utukufu", yule "amani duniani", yule wa tatu bado anavuta silabi ya juzi, muumini anasikia uzuri lakini hasikii neno. Na zile melodia za mtaani kwenye teno. Mtaguso (1545 mpaka 1563) ulilizungumza mwaka 1562, na kilichopitishwa ni kwamba kusiwe na kitu cha kiasherati au kichafu kwenye muziki wa kanisa. Walikuwepo waliotaka makubwa zaidi ila hawakufanikiwa, na mtaguso haukukaa kusikiliza misa ya mtu.

Papa Marcellus II yeye alitawala siku 22 tu, 1555. Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliwaita waimbaji wake akawaambia mambo ya siku hii takatifu yaimbwe hivyo kwamba maneno yasikike na kueleweka. Na Palestrina alikuwepo kwenye kwaya hiyo! Miezi michache baadae Papa Paulo IV akamfukuza, pamoja na wenzake wawili, kosa ni kwamba wameoa. Misa yenyewe, ya sauti sita, ilichapishwa 1567. Mwaka 1565 makadinali wawili, Borromeo na Vitelli, waliwaita waimbaji wa Papa waimbe misa kadhaa ili wapime kama maneno yanasikika, na hapo ndipo hadithi imepatia mbegu, ila kwamba misa hii ilikuwemo hakuna kumbukumbu.

Isikilize Utukufu wake na Nasadiki. Sauti sita lakini hazisemi zote muda wote, anachukua nne zinasema sentensi pamoja, kisha nne nyingine zinajibu, na silabi zinatua pamoja. Neno linasikika na uzuri haujapotea hata kidogo. Kuokoa kwa maana hiyo nakubali mzee.

Waingereza nao hawakukaa. Thomas Tallis alitunga Spem in alium ya sauti 40, kwaya nane za watu watanowatano. Inaanza mtu mmoja, wanaingia mmojammoja mpaka wote. Na mwisho anafanya kitu kilekile cha Josquin, wote wananyamaza, kisha wote 40 kwa pamoja: Respice, tazama, utazame unyonge wetu. Tafuta spika nzuri ukae katikati ya chumba.

Sasa jibu la swali langu. Ulitutoka lini.

Luther alimpenda sana Josquin, alisema nota zinamtii Josquin wakati watunzi wengine ndio wanazitii nota. Mwaka 1524 rafiki yake Johann Walter akachapa Wittenberg kitabu cha nyimbo za sauti nyingi za kanisa jipya, na kwenye nyingi wimbo uko wapi? Teno. Geneva walichapa zaburi zao, Calvin, kiongozi wa kanisa jipya la huko, akitaka kanisani iimbwe sauti moja tu (na hawakua na mchezo, mwanamuziki wao Loys Bourgeois alitupwa ndani mwaka 1551 kwa kubadili melodia za zaburi bila kibali, Calvin mwenyewe ndiye alimtoa). Mtunzi Claude Goudimel alipozipangia sauti nne za kuimba nyumbani, nyingi akauacha wimbo kwa teno vilevile.

Tatizo likawa usharika. Kwaya inaimba, waumini wanataka kuimba pamoja nayo, na wimbo umejificha katikati hawausikii. Mwaka 1586 mchungaji wa Kijerumani, Lucas Osiander, akachapa pale Nürnberg nyimbo 50 za sauti nne, akautoa wimbo kwa teno akaupandisha soprano, sauti nyingine tatu zinatembea nao pigo kwa pigo, na akasema wazi lengo ni kanisa zima liweze kuimba pamoja. Fungua kitabu chochote cha nyimbo zenye nota leo, kiwe cha KKKT, Anglikana au Moravian, mpangilio ni huo wa Osiander.

Kwahiyo haukuporwa. Uliombwa, ili mama aliyekaa benchi la nyuma ambaye hajui nota apate pa kushika. Nilivyolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu.

dada_alto

Kaka jana nimeipeleka ile r d r d r f m r mazoezini. Mwalimu akawapa teno waishike kwa nota ndefu, sisi wengine tukaambiwa tutafute vya kupamba kwa masikio tu. Mara ya kwanza fujo, ya pili fujo, ya tatu teno wakatulia na sisi tukajikuta tunajua pa kwenda. Hatukutaka kuacha, mlinzi amekuja na funguo zake amesimama mlangoni anasikiliza. Sasa wanataka ile Ave Maria, ila nota za mistari hatujui kusoma, ipo kwa solfa?

TenoWaKati

Sijaiona popote kwa solfa dada. Nipe wiki mbili naiandika mwenyewe sauti zote nne, nitaiweka hapahapa. Mzee wangu nitaomba uipitie kabla sijaiweka, hasa ile sehemu ya teno kufuata soprano, pigo lisije likakosewa.

MzeeWaSolfa

Lete kijana. Nipo.